Kisogo cha Saruni

Uwanja ule wa tenisi hauna mlango wa kufunga. Una mabomba mawili tu yaliyosimikwa ardhini, na juu yake bati lililoandikwa kwa rangi nyeupe: HAKUNA KIINGILIO. ANAYEFAGIA NDIYE ANAYEANZA. Maneno yale aliyaandika marehemu Piusi, baba yake Laurencia, mwaka ule wenye shamba la kahawa walipowaachia wananchi wa mtaa kiwanja chao cha zamani. Piusi akakabidhiwa akitunze bila mshahara, akakitunza miaka kumi na tisa. Wavu wake ni wa kuvulia samaki, ulinunuliwa ziwani Eyasi ukakunjwa mara mbili ili mpira usipenye. Mistari ni ya chokaa. Udongo ni huu wetu mwekundu wa Karatu. Ukicheza nusu saa soksi zinageuka rangi ya tofali, na hata uzifue kwa sabuni ya mche hazirudi tena kuwa nyeupe.

Jumamosi ile Laurencia alifika saa tisa mchana, mapema kuliko kawaida yake. Alivaa sketi ya bluu ya kuchezea na sweta ya mama yake, maana Septemba ya Karatu ina jua na ina upepo kwa pamoja. Alifagia kama baba yake alivyomfundisha, akianzia kwenye wavu na kurudi kinyumenyume mpaka kwenye mstari wa mwisho, ili nyayo zake zisibaki kwenye vumbi. Kisha akanyunyiza maji ya ndoo, akaketi kwenye gogo la kukalia watazamaji, akamngoja Saruni.

Moyo wake ulikuwa mzito kama nguo iliyoloweshwa.

Asubuhi ya siku hiyo, walipokuwa wanachambua maharage uani, mama yake alikuwa ameongea. Cresensia si mama wa maneno mengi. Huwa anachambua, anapuliza makapi, anachambua tena, na neno lake likitoka ujue lilikuwa linapikwa siku nyingi.

"Lau," alisema, "kesho baada ya misa baba yako mdogo Patrisi anakuja kuchukua jibu la wale watu wa Mbulu. Kijana wao ni mwalimu, nimesikia ana adabu. Wewe unajua ninachongoja."

"Najua, mama."

"Najua moyo wako uko kwa Saruni. Sikatai Mmasai. Usije ukasema mama yangu alikataa kabila la mtu. Ninachokataa ni mtu kunipa kisogo. Akinisalimia kesho kama mtu anavyomsalimia mtu, nitamwambia Patrisi awarudishe watu wa Mbulu. Asiponisalimia, jina lake lisitajwe tena kwenye uwanja wa marehemu mume wangu wala ndani ya nyumba hii."

Laurencia alijua mama yake ana haki. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba zamani haikuwa hivi. Zamani yenyewe ni mwezi wa tatu tu mwaka huohuo, lakini mtu akipoteza kitu kizuri, hata miezi sita huitwa zamani.

Mwezi wa tatu ndipo Saruni alipotokea. Alikuwa dereva wa magari ya watalii, anawashusha wageni kreta kutazama wanyama na kuwarudisha hotelini, na siku za mapumziko alikuwa akizurura mjini hana pa kwenda, kwao ni mbali, Kakesio. Siku hiyo alisimama nje ya ua wa seng'enge akiwatazama Laurencia na wenzake wakicheza. Akauliza kiingilio ni kiasi gani. Akaambiwa ni bure. Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Walipompa raketi aliishika kama rungu, na mpira wake wa kwanza ulivuka ua, ukavuka barabara, ukaangukia kwenye shamba la mbaazi la jirani. Cresensia, aliyekuwa amekaa kwenye gogo na kahindi kake ka kuchoma, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Laurencia alisimama akamtazama. Tangu wamzike Piusi, mwaka mzima na nusu, hakuwa amekisikia kicheko kile.

Basi Saruni akawa mtu wao. Kila akifika alikwenda kwanza kwa Cresensia, akamwinamishia kichwa. Mama wa watu alishangaa, akafikiri kijana ana kitu kwenye nywele anataka atolewe, mpaka akaelezwa kwamba kwao kijana huinamisha kichwa na mkubwa humgusa utosini. Akajifunza kumgusa. Wakawa wanakaa pamoja pale kwenye gogo, wanagawana hindi moja, mama akimwonyesha namna Piusi alivyokuwa akiurusha mpira juu kabla ya kuupiga. Alimwita mwanangu Saruni. Akipika makande alimwekea kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Na Laurencia, aliyekuwa upande wa pili wa wavu, aliona yote hayo na moyo wake ukajaa taratibu, kama debe linalokinga maji ya bati.

Ikaja siku ile ya mwezi wa sita. Kulikuwa na ukungu. Laurencia alikimbilia mpira mfupi, mguu ukateleza, kifundo kikageuka. Saruni aliuruka wavu badala ya kuuzunguka. Alipiga magoti kwenye tope, akachana ukingo wa shuka lake jekundu, akaufunga mguu ule polepole, duru baada ya duru, na alipomaliza hakuuachia. Alinyanyua macho. Walitazamana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata lango halikuonekana, ni kama walikuwa wamebaki wawili tu Karatu nzima. Kisha akamsaidia kusimama.

Tangu siku ile Saruni hakumsalimia tena Cresensia.

Mama akiingia langoni, yeye anaweka raketi chini na kutokea kwenye tundu la ua, kofia imeshushwa mpaka puani. Mama akimwita, anaongeza mwendo. Mwezi wa nane, siku ya mnada wa tarehe saba, walikutana uso kwa uso sokoni, na kijana mrefu vile akajitosa ndani ya duka la pembejeo, akasimama na kisogo chake kuelekea barabarani, akiisoma mifuko ya mbolea mmoja baada ya mwingine kama anayesoma kitabu cha sala. Cresensia alirudi nyumbani na bakuli la makande likiwa limejaa vilevile. Alikuwa amembebea. Hakupika makande tena.

Na Laurencia alikuwa na maumivu yake mwenyewe, ambayo hakumwambia mtu. Alijua kuhesabu siku. Saruni alikuwa ameshika mguu wake, akamtazama vile, na kesho yake akaanza kumkimbia mama yake. Maana yake nini, kama si kujuta?

Akiwa bado kwenye gogo Jumamosi ile, aliisikia pikipiki ikizimwa nje ya uwanja. Saruni aliingia akichungulia kwanza kwenye gogo. Alipoona Laurencia yuko peke yake, mabega yalishuka. Akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, akachukua raketi, akaenda upande wake wa wavu.

Walicheza michezo miwili. Laurencia alipiga mipira kwa hasira mpaka Saruni akauliza leo kuna vita gani. Alimjibu kwa mpira mwingine. Mpira wa mwisho ulipokwama kwenye wavu wote wawili waliufuata, na pale kwenye wavu, uso kwa uso, Laurencia aliushika ule mpira akakataa kumpa.

"Mama yangu amekukosea nini?"

Saruni aliangalia chini. "Hajanikosea."

"Alikuwa anakupikia. Alikuita mwanangu. Sasa akija unatoroka kama umemwibia kuku. Unamdharau kwa sababu gani, Saruni? Kama ni mimi ulinichoka, ungenikimbia mimi. Yeye ungemwachia salamu yake."

Alishangaa kuona uso wa kijana yule unabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa na kosa. Ulikuwa uso wa mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

"Namdharau?" alisema Saruni. "Lau, ninampa heshima kubwa kuliko ninayompa mama aliyenizaa. Kwetu hiyo inaitwa enkanyit."

"Heshima ya kumpa mtu kisogo?"

"Ndiyo." Akaushika wavu kwa mikono miwili, kama anayetafuta cha kujishikiza. "Kwetu Kakesio, mama wa msichana unayetaka kumuoa humkaribii. Huli naye. Humtazami usoni. Ukimwona njiani unampisha, unageuka. Na yeye mwenyewe akikuona hupisha, hugeuka. Ndivyo watu wanavyojua kwamba mambo yenu ni ya kweli. Kumwinamishia kichwa ni mambo ya mtoto, na mimi niliacha kuwa mtoto wake siku ile nilipokufunga mguu."

Upepo ulivuma, ukanyanyua vumbi kidogo, ukaliacha. Laurencia alihisi masikio yake yanawaka moto.

"Siku ile," alisema.

"Siku ile."

"Kwa hiyo miezi mitatu umenichumbia, na mimi mwenyewe sijui."

"Nilijua unajua. Kila mtu anaona. Dada zangu wangeona mara moja tu wangeanza kushona shanga. Kwetu hata ndama angejua."

"Mimi si ndama wa Kakesio. Mimi ni Mwiraqw wa Karatu, na kwetu mkwe huja akakaa jikoni, akala, akapasua kuni." Alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtoka. "Nililia, Saruni. Nilijua unajuta kunigusa."

Saruni aliuachia wavu. Alinyoosha mkono juu ya wavu akamfuta chozi kwa kidole gumba, na kidole kikaacha alama ya vumbi jekundu shavuni. Baadaye akasema kwamba kila Jumamosi alikuwa anatoka nyumbani na maneno yote ameyapanga, lakini akishashika raketi na kumwona ng'ambo ya wavu, yanakwisha.

Ndipo Laurencia alipomwambia habari za Patrisi na watu wa Mbulu, na sharti la mama yake. Saruni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba kwao kumwendea mama yule na kumpa mkono ni sawa na kutangaza kuwa binti yake humtaki tena. Salamu anayoidai Cresensia ndiyo hasa ingemvua ukwe.

Laurencia aliuzungusha mpira mkononi. Uzio ulikuwa unalia kwa upepo.

"Nitamsalimia," Saruni alisema mwishowe. "Kesho. Watu wa Kakesio hawatakuwepo hapa."

"Kwa hiyo hakuna tatizo."

"Mimi nitakuwepo," alisema. "Lakini nitamsalimia."

Jioni hiyo, kabla chai haijachemka, Laurencia alimweleza mama yake kila kitu, akiwa amechuchumaa mbele ya mafiga. Hakuacha hata lile la ndama. Cresensia alikuwa anamenya viazi. Alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kidogo kama goroli, akakiangalia, akakitupia sufuriani.

Aliuliza maswali yake moja moja, kwa subira yake ileile. Je, hataingia humu ndani hata siku moja? Laurencia akamjibu kwamba Saruni amesema miaka ikienda, na zawadi ya mnyama ikishatolewa, mambo hulegea kidogo, watasalimiana kwa mbali. Je, hawatakula pamoja? Hapana, hawatakula. Na mama akiugua? Atamletea dawa, atamkodia gari, atakaa nje ya mlango kutwa nzima, lakini kitandani pake hatafika.

Cresensia alifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi nilimzoea," alisema. "Baba yako alipoondoka, nyumba hii ilibaki na sauti mbili, yangu na yako. Nilipenda ya tatu. Alikuwa akicheka ananikumbusha jioni za huko nyuma, Piusi anarudi na soksi zake nyekundu, anazikung'utia hapo mlangoni, namgombeza. Nilisema Mungu ameniletea wa kumgombeza tena." Alisogeza kuni chini ya sufuria. "Sasa unaniambia akikuoa wewe, mimi nimempoteza."

"Amesema kesho atakusalimia, mama. Amekubali."

"Nimesikia."

"Basi si ndivyo ulivyotaka?"

Mama yake aliokota maganda ya viazi. Alifunika sufuria, akatoka nje kufungia mbuzi, akakaa huko muda mrefu kuliko mbuzi wawili wanavyohitaji.

Jumapili Patrisi aliwahi. Alikuwa amevaa koti lake la misa na viatu alivyovipaka rangi mpaka kwenye nyayo, na hakuficha upande aliouchagua. Alisema mwalimu wa Mbulu ana nyumba ya tofali, anaimba kwaya sauti ya nne, na wazazi wake wanasalimia mpaka watoto wadogo. Kuhusu yule mwingine alisema amesikia anawasalimia simba kila siku huko kreta, lakini Cresensia hamwoni. Cresensia alimkaribisha chai, akamwacha amalize vikombe viwili, kisha akasema twende uwanjani, jibu liko huko. Patrisi akalalamika kwamba viatu vyake vitaingia vumbi, akafuata.

Walitembea kwenye kile kijia kinachopita kati ya ua wa uwanja na shamba la mbaazi. Cresensia alitangulia, Laurencia nyuma yake, Patrisi nyuma ya wote akichagua pa kukanyaga. Mbaazi zilikuwa zimekomaa, zimefika begani. Laurencia alikuwa anatazama mgongo wa mama yake na hakuweza kusoma kitu.

Wakamwona. Saruni alitokea langoni akija kwa miguu. Hakuvaa shuka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na kofia yake alikuwa ameivua, ameishika mkononi. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Hakukimbia. Hakugeuka. Hatua ishirini, hatua kumi na tano, akanyanyua uso. Laurencia aliyaona macho yake, na humo hakuona ugomvi wowote, aliona mtu anayekaribia kuacha kitu chake cha thamani kubwa kando ya njia kwa ajili yake. Alitaka kumwambia asiseme. Alitaka pia aseme. Midomo ya Saruni ilifunguka.

Cresensia alisimama.

Aliivuta kanga kutoka begani, akajifunika kichwa mpaka usoni. Kisha akatoka kwenye kijia, akaingia katikati ya mbaazi hatua nne, akageuka. Akabaki amesimama huko, kisogo chake kwa Saruni.

Salamu ya Saruni ilikufa mdomoni. Alisimama kama aliyepigwa na radi, kofia mkononi.

"Shemeji," Patrisi aliita kwa wasiwasi, akirudi nyuma kidogo, "vipi huko, umeona nyoka?"

"Sijaona nyoka," alijibu Cresensia bila kugeuka. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikatulia. "Nampisha mkwe wangu. Watu wa Mbulu waambie tunawashukuru sana, kijana wao atapata mwingine."

Patrisi akasahau viatu vyake, akakanyaga vumbini. Saruni alichukua muda kuelewa. Kisha Laurencia akaona kidevu chake kinacheza. Taratibu akavaa kofia, akaishusha, akatoka upande wake wa kijia mpaka akagusana na seng'enge, akageukia uwanjani, mabega yanamtikisika. Laurencia akabaki peke yake katikati ya njia, mama kwenye mbaazi, mchumba kwenye ua, wote wawili wamempa visogo, na hakuwahi maishani kujiona amependwa kiasi hicho.

"Saruni," alimwita.

"Naam," alisema yule wa kwenye ua, akiongea na seng'enge.

"Mimi bado hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Umegeukia uwanja."

"Nitafanyaje, Lau? Mama yuko hapo nyuma."

Patrisi alishindwa kujizuia. Alikaa chini, na koti lake la misa, kwenye lile vumbi, akacheka akijipiga paja, akisema amehudhuria posa nyingi lakini hii ya kuangalia mbaazi hajawahi. Laurencia alikwenda mpaka kwenye ua, akasimama ubavuni mwa Saruni, ambapo angeweza kuuona uso wake chini ya kofia, akamjibu. Alimjibu kwa sauti ndogo, na neno lenyewe ni lao.

Katikati ya shamba Cresensia alikuwa ameanza kuchuma mbaazi za jirani, ilimradi mikono iwe na kazi. Aliziweka kwenye pindo la kanga, akajipangusa macho kwa pindo lingine.

"Lau," aliita, bado amegeuka. "Mwambie huyo mwenzako nimepika makande. Akale nyumbani jikoni, bakuli ni lilelile. Mimi nitakula baadaye, nje."

Laurencia alimwambia, ingawa Saruni alikuwa amekwisha kusikia kila neno.

"Mwambie mama," alisema Saruni kwa taabu, "nitapasua na kuni."

"Amesema atapasua kuni, mama."

"Zipo nyuma ya banda," alisema Cresensia, akavunja tawi jingine la mbaazi. "Mwambie shoka halina makali."